Ramani Rahisi, Jengo Ghali

Mtu apitaye katika miji yetu siku hizi huona jambo la kumfurahisha na jambo la kumtia mashaka. La kumfurahisha ni majengo yanayoinuka kila upande: shule, zahanati, masoko, nyumba za kupangisha na maghorofa ya biashara. La kumtia mashaka halionekani mpaka aulize. Mwulize mwenye jengo bei ya mfuko wa saruji, atakutajia bila ya kufikiri. Bei ya nondo anaijua. Ujira wa mwashi ameushindania tangu asubuhi hata jua kutua. Lakini mwulize ni nani aliyepiga hesabu za nguzo zile, na kwa sababu gani alimchagua mtu huyo na si mwingine, utamwona anasita. Kisha atajibu kwa ufupi kwamba yule alikuwa rahisi kuliko wenzake.

Jibu hilo ndilo tunalotaka kulipima leo. Hatuwadharau wanaojibana katika matumizi, maana fedha ya umma na fedha ya mnyonge zote zina uchungu. Lakini twaamini ya kuwa amchaguaye mhandisi kwa bei peke yake hajaokoa kitu. Ameahirisha malipo tu, na mara nyingi atakayelipa si yeye.

KAZI ISIYOONEKANA

Ugumu wa jambo hili ni kwamba kazi ya usanifu wa kihandisi haipimiki kama vitu vingine vya ujenzi. Tofali bovu huvunjika mkononi. Mchanga wenye chumvi hutambulika kwa ulimi. Mbao iliyopinda huonekana na mtoto. Lakini michoro ya mhandisi hodari na michoro ya mzembe hulala mezani ikifanana kama mapacha: karatasi ile ile, mistari iliyonyooka, mihuri na saini. Siku hizi kompyuta humchorea mzembe mistari mizuri sawasawa na hodari. Kosa lililomo haliumi siku michoro inapokabidhiwa. Huuma baada ya mwaka mmoja au miaka kumi, wakati ujira umekwisha kulipwa na kamati iliyouidhinisha imekwisha vunjwa.

Tena kosa hilo ni la namna mbili. Namna ya kwanza yajulikana na wote: jengo hupasuka, huzama, au huanguka. Namna ya pili haipigiwi kelele na mtu. Mhandisi asiyejiamini huficha upungufu wake kwa kuzidisha nondo na zege mahali pasipohitajika. Jengo husimama, wala hakuna alalamikaye, lakini fedha ambayo ingejenga darasa jingine imezikwa ndani ya nguzo. Huo nao ni ubovu wa kazi, na sisi tungependa uitwe kwa jina lake.

DARAJA LA QUEBEC

Tutoe kwanza mfano wa mbali, kwa kuwa ulichunguzwa hadharani na makosa yake yakaandikwa moja moja.

Katika nchi ya Kanada, karibu na mji wa Quebec, kampuni moja ilitaka kujenga daraja la reli juu ya mto St. Lawrence. Kampuni hiyo ilikuwa na upungufu wa fedha tangu mwanzo. Ikamweka Theodore Cooper, mhandisi wa New York mwenye sifa kubwa, awe mshauri wake. Nafasi baina ya nguzo mbili kuu za daraja ilikusudiwa kuwa futi 1,600. Cooper akashauri iongezwe hata futi 1,800, yaani kama mita 549.

Hapo makosa yakaanza kufuatana kama siafu. Urefu uliongezwa, lakini uzito wa daraja lenyewe haukuhesabiwa upya kama ilivyopasa. Serikali ya Kanada ilipotaka mhandisi wake aipitie kazi ya Cooper, mwenyewe alikataa, akiona ni kuvunjiwa heshima. Nayo Serikali ikalegea. Ujira wake ulikuwa mdogo kwa kazi kubwa namna ile, naye hakuwa na wasaidizi wa kutosha. Afya yake nayo ilikuwa dhaifu. Chuma kilipoanza kuinuliwa juu ya mto, hakufika hata mara moja kukiona, alitegemea barua. Ilipogundulika, mwaka 1906, kwamba uzito halisi unazidi ule wa mahesabu, chuma kingi kilikuwa kimekwisha tengenezwa na sehemu yake imekwisha simamishwa. Cooper akaamua kwamba ziada ile inavumilika. Kazi ikaendelea.

Mwezi wa Agosti, 1907, ilionekana pale darajani kwamba baadhi ya vyuma vikuu vya chini vimeanza kupinda. Kimoja kilikuwa kimepinda robo tatu ya inchi. Kilipopimwa tena kilikuwa kimefika inchi mbili na robo. Wakubwa wakabishana. Wengine wakashikilia kwamba vyuma vile vilipinda zamani, kabla ya kufungwa mahali pake. Mhandisi kijana wa pale, Norman McLure, akasafiri mpaka New York kumwona Cooper, akafika mchana wa tarehe 29 Agosti. Cooper aliyajua maana yake mara moja, akapeleka simu ya maandishi kwamba uzito wo wote usiongezwe. Lakini simu ile aliipeleka kwa kampuni ya wajenzi, huko Pennsylvania. Pale darajani halikufika neno kwa wakati. Siku ile ile, saa 11 na nusu jioni zikiwa zimepita dakika chache, watu wakikaribia kumaliza kazi, mkono mzima wa kusini ukaanguka. Katika wafanyakazi 86 waliokuwa juu yake, 75 walikufa. Zaidi ya 30 kati yao walikuwa mafundi wa chuma wa kabila la Mohawk, wengi wao wa kijiji kimoja cha Kahnawake.

Tume iliyoundwa kuchunguza ilimtaja Cooper pamoja na mhandisi wa kampuni ya wajenzi, ikasema chanzo cha msiba kilikuwa makosa ya uamuzi wao. Daraja jingine lilijengwa mahali pale pale. Nalo lilipata ajali mwaka 1916 iliyoua watu 13, likamalizika mwaka 1917, na linasimama hata leo.

Tunakiri kwamba Cooper hakuwa laghai. Alikuwa miongoni mwa wahandisi wenye jina kubwa katika zama zake. Kwa hiyo hata yule asemaye, "Sisi hatukuchagua kwa bei, tulichagua kwa jina," naye hajamaliza kazi. Jina la Cooper lilikuwapo Quebec; kilichokosekana ni huduma yenyewe: hesabu kurudiwa baada ya mabadiliko, jicho la pili, miguu ya mhandisi kiwanjani, na mtu wa pale pale mwenye amri ya kusimamisha kazi. Hivyo vinne havimo katika sifa za mtu. Vimo katika mkataba na katika ujira, au havimo kabisa.

NA HUKU KWETU

Wala msomaji asidhani ya kuwa hayo ni mambo ya Kanada na ya zamani. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa zipatazo 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka likaua watu 36. Viongozi walieleza baadaye kwamba kibali kilichotolewa kilikuwa cha ghorofa 10. Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la ghorofa la Kariakoo, lenye maduka na watu ndani yake, liliporomoka asubuhi. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, na jiji zima lilikesha likisikiliza habari za waliokuwa bado wakiita chini ya kifusi.

Hatuna nia ya kuhukumu hapa. Hiyo ni kazi ya vyombo vyake. Tunasema neno moja tu la kihesabu. Msingi uliopigiwa hesabu ya ghorofa 10 hautambui tamaa ya mwenye jengo. Kila ghorofa inayoongezwa hushuka na uzito wake wote mpaka kwenye nguzo ya chini kabisa, na nguzo ile haina mdomo wa kukataa. Aongezaye ghorofa bila ya kurudia hesabu afanya lile lile lililofanywa Quebec, tofauti ikiwa ni zege badala ya chuma.

Nchi yetu haikosi sheria. Iko Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iko ya makandarasi, iko ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Lakini na tuelewane vizuri juu ya kazi ya usajili. Cheti cha usajili hutuambia ya kuwa mtu huyu ana haki ya kufanya kazi ya uhandisi. Hakituambii kwamba kazi aliyotufanyia sisi ameifanya vyema. Hilo la pili ni juu yetu sisi wenye kazi kulipima, na hapo ndipo wengi tunapolala.

MIZANI YA ZABUNI

Katika ununuzi wa umma kuna utaratibu wa kuchagua washauri kwa ubora na gharama. Mshauri huleta bahasha mbili, moja ya ufundi na moja ya bei. Ya ufundi hufunguliwa kwanza na kutolewa alama. Ya bei hufunguliwa kwa wale tu waliovuka kiwango. Kisha alama hizo huunganishwa kwa uzito uliotangazwa mapema. Uzito huo ndio roho ya shauri lote, nao watu huupita kana kwamba ni hesabu ya makarani.

Tutoe mfano. Tuseme mhandisi wa kwanza amepata alama 90 za ufundi, naye ataka shilingi milioni 100. Wa pili amepata alama 75, ataka milioni 60. Kwa kanuni iliyozoeleka, mwenye bei ya chini hupewa alama 100 za bei, na mwenzake hupewa kwa uwiano, yaani 60. Ufundi ukipewa sehemu 80 na bei sehemu 20, wa kwanza hupata jumla ya 84 na wa pili 80. Zikigawanywa nusu kwa nusu, wa kwanza hupata 75 na wa pili 87.5. Watu ni wale wale, na bahasha ni zile zile. Aliyebadili mshindi ni yule aliyeandika uzito katika tangazo.

Sasa tuseme jengo lenyewe ni la shilingi milioni 2,000. Tofauti ya ujira wa wahandisi hao wawili ni milioni 40, yaani 2 katika kila 100. Kosa moja la msingi, likigunduliwa baada ya kuchimba na kumwaga zege, laweza kuzimeza milioni hizo 40 kabla ukuta wa kwanza haujainuka. Marekani ni nchi isiyosifika kwa kuogopa ushindani wa bei. Hata hivyo, tangu mwaka 1972, sheria yake kwa kazi za serikali kuu ni kwamba wahandisi na wasanifu huchaguliwa kwanza kwa uwezo. Baada ya hapo ndipo Serikali hukaa na yule aliye bora kupatana juu ya bei. Wasipopatana, huitwa wa pili. Bei haikusahauliwa, ila imewekwa mahali pake.

MASWALI MATANO

Basi kamati ya shule, bodi ya ushirika, au halmashauri isiyokuwa na mhandisi miongoni mwa wajumbe wake itapimaje? Sisi twapendekeza maswali matano, ambayo mtu ye yote mwenye akili zake aweza kuyauliza.

La kwanza: Je, mhandisi ameiona ardhi? Hatusemi ameipita kwa gari. Twauliza kama mashimo ya kupimia udongo yalichimbwa, mangapi, na udongo ukapelekwa maabara. Sehemu nyingi za nchi yetu zina udongo mweusi wa mbuga, ambao hufura wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake kama kwamba ni mwamba hupasuka toka madirishani hata msingini. Michoro ya msingi iliyotolewa kabla ya majibu ya udongo ni kubahatisha, hata ikiwa na mihuri kumi.

La pili: Ni mikono ya nani iliyofanya kazi? Katika zabuni huandikwa majina ya wahandisi wakongwe wa miaka 20 kazini. Kazi ikishapatikana, wakongwe hutoweka, na hesabu hupewa kijana aliyetoka chuoni juzi bila ya mtu wa kumwongoza. Kijana hana kosa. Kila mkongwe alikuwa kijana. Kosa ni kuuza jina moja na kukabidhi jingine.

La tatu: Nani mwingine ameikagua hesabu? Mhandisi aliye bora haoni haya kupitiwa na mwenzake, kama vile mwandishi haoni haya kupitiwa na mhariri. Mficha maradhi kifo humwumbua. Hesabu ziandikwe zikaeleweka, zitiwe saini na aliyezipiga na aliyezikagua, na nakala ibaki kwa mwenye jengo.

La nne: Je, fundi aweza kujenga kwa michoro hiyo? Hapa tunao mashahidi wasioulizwa kamwe. Mwulize fundi nondo. Atakuonyesha mahali nguzo na boriti zinapokutana, nondo zimesongamana hata kokoto haipiti. Zege likimwagwa hubaki matundu ndani, nayo hupakwa plasta juu yake. Atakuonyesha mchoro mmoja usemao nondo za milimita 16 na mwingine, wa boriti ile ile, usemao 12. Kila swali litokalo kiwanjani kwa sababu mchoro haukueleweka liandikwe na kuhesabiwa. Maswali hayo yakiwa mengi, huna haja ya profesa wa kukuambia ubora wa michoro.

La tano: Mambo yakibadilika, nani hurudia hesabu? Mjini Kansas City, Marekani, katika hoteli ya Hyatt Regency, zilikuwapo njia za juu za kupitia watu, moja ya ghorofa ya nne na moja ya ghorofa ya pili chini yake. Mchoro wa kwanza ulizitundika zote mbili katika fimbo zile zile ndefu za chuma kutoka darini. Wakati wa kutengeneza vyuma, ikabadilishwa kwa urahisi wa kazi: ya juu itundikwe darini, na ya chini itundikwe kwenye ile ya juu. Katika karatasi badiliko hilo ni dogo. Lakini maungio ya njia ya juu yakajikuta yanabeba mzigo mara mbili, kama mtu aliyening'inia tawini akashikwa miguu na mwenzake. Badiliko lilipita likapigwa mhuri, wala haikupigwa hesabu. Tarehe 17 Julai, 1981, njia zile ziliwaangukia watu waliokusanyika ukumbini kwa dansi, wakafa 114. Wachunguzi wakaona kwamba hata mchoro wa kwanza haukutimiza kanuni za ujenzi za mji ule. Wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni zao.

BAADA YA KUKABIDHIWA

Kupima hakuishi siku ya kutoa kazi. Jengo likiisha, kamati ikae tena. Gharama iliyokadiriwa ilikuwa ngapi, na iliyolipwa ni ngapi? Katika mabadiliko yote, mangapi yaliletwa na mwenye jengo, na mangapi yaliletwa na michoro mibaya? Baada ya masika ya kwanza, nyufa ziko wapi, na maji yanavuja wapi? Majibu yaandikwe katika jalada, na jalada hilo lifunguliwe wakati wa zabuni ifuatayo. Leo mzembe huharibu kazi katika wilaya moja, akavuka mto na kuomba kazi nyingine akiwa msafi kama mtoto mchanga.

Haki yataka tuseme na upande wa wahandisi. Wako wengi walio hodari na waaminifu, nao huonewa. Mteja huwataka michoro ya hospitali kwa majuma mawili. Hukataa gharama ya kupima udongo akisema baba yake alijenga hapo hapo. Hubadili nia mara tatu, kisha huchelewesha ujira mwaka mzima. Halafu jengo likipasuka, huwa wa kwanza kulia. Huduma bora yataka mteja bora, maana mhandisi asiyelipwa nauli ya kufika kiwanjani hatafika.

Na sasa neno letu kwa wafanyakazi wa ujenzi. Ninyi ndio mnaosimama chini ya zege kabla halijakauka. Mchemraba wa zege hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28, lakini ninyi hupanda juu yake siku ya pili. Wale 75 wa Quebec hawakupiga hesabu yo yote, wala hawakutia saini po pote. Bali ndio waliolipa ile tofauti ya ujira. Kwa hiyo si ujuvi mfanyakazi akiuliza mbona nguzo imepinda, mbona ghorofa inaongezwa, mhandisi yuko wapi. Msimamizi amjibuye kwa matusi apaswa kukumbushwa ya kuwa pale Quebec chuma kilionekana kimepinda siku kadhaa kabla ya msiba, na waliokiona hawakuwa na amri.

Na ninyi wanachama mlio katika halmashauri, katika kamati za shule na bodi za ushirika: zabuni ya jengo lijalo itafika mezani kwenu, pengine mwezi huu. Kabla hamjauliza nani ni rahisi, wekeni mezani maswali yale matano, na mwandike majibu katika kumbukumbu za mkutano, ili atakayekuja baada yenu ayaone pamoja na majina yenu.